Mama Aliyemlea Simba

Kwetu Isiolo ukimtaja simba mbele ya babu yangu, atakuhesabia mbuzi wake wote walioliwa. Nami nilikua nikijua simba ni adui tu, hadi nilipoyasoma maisha ya Joy Adamson.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1910 mjini Troppau, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937. Kwanza alisifika kwa kuchora maua yetu ya porini, kisha akachora watu wa makabila mengi ya Kenya katika mavazi yao ya jadi.

Mwaka 1956 mumewe George, aliyekuwa bwana nyama, alishambuliwa na simba jike, akampiga risasi. Kumbe maskini alikuwa akiwatetea watoto wake watatu! Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi, wakafugwa katika bustani ya wanyama. Wa tatu, Elsa, akabaki. Joy hakutaka afungiwe maisha. Walimfunza kuwinda, wakamwachilia porini Meru. Elsa akajiwindia, akapata dume, akazaa watoto watatu. Alikufa kwa ugonjwa mwaka 1961. Lakini kitabu cha Joy, Born Free, kilichotoka mwaka 1960, kilikuwa kimeenea duniani, na fedha za vitabu vyake alizitumia kuhifadhi wanyama.

Mnamo Januari 1980 Joy aliuawa Shaba, huku huku kwetu. Habari za kwanza zilisema eti ameuawa na simba. La hasha! Alikuwa binadamu, na aliyepata kuwa mfanyakazi wake ndiye aliyehukumiwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikajiuliza, ni nani hasa mwenye kuua? Sensa ya mwaka 2021 ilipata simba wasiofika 3,000 Kenya nzima. Wanamalizwa na sumu, mitego na sisi kuvamia malisho ya wanyama wanaowinda.

Mwaka jana babu alitaka kutia sumu kwenye mzoga. Sikumlaumu, kwani mbuzi hao ndio karo yangu. Nilimsihi tujenge boma la waya badala ya miiba. Alikubali shingo upande. Tangu hapo hatujapoteza hata mbuzi mmoja, na usiku bado tunamsikia simba akinguruma.

Wenzangu, tusingoje simba abaki picha vitabuni. Hebu tuanzie nyumbani.