Games Slayter, mtu aliyegeuza kioo kuwa pamba

Nyumba ya bati isiyo na dari huchoma saa nane mchana, na usiku wa kipupwe baridi yake huingia hadi kwenye mifupa. Jirani anayeishi chini ya paa la nyasi au makuti halalamiki kiasi hicho. Nyasi zimenasa hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kuku naye hutumia ujanja huo huo anapojitunisha manyoya asubuhi ya baridi. Katika makala haya tunamwangalia Mmarekani aliyenasa hewa kwa kutumia nyuzi za kioo, kioo kile kile cha chupa na madirisha.

Jina lake kamili lilikuwa Russell Games Slayter, ingawa wengi walimwita Games tu. Alizaliwa Desemba 1896 katika mji mdogo wa Argos, jimbo la Indiana, akasomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Purdue na kuhitimu mwaka 1921. Mwaka 1931 aliajiriwa na Owens-Illinois, kampuni kubwa ya kutengeneza chupa katika jimbo la Ohio.

Ule haukuwa wakati mzuri wa kuuza chupa. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920, na wanywaji wa bia walikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa viwanda vya chupa. Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi wa mwaka 1929, ambao ulifunga viwanda na kuwaacha mamilioni ya watu bila kazi. Kampuni ilikuwa na matanuri, mchanga na mafundi, lakini ilikosa kitu cha kutosha cha kuuza. Slayter alipewa kazi ya kutafuta matumizi mapya ya kioo.

Tuseme wazi kwamba hakuwa wa kwanza kutengeneza uzi wa kioo. Kioo kikiyeyuka huvutika kama asali, na ukikivuta haraka hupoa kikiwa uzi. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, mwenye kiwanda Edward Libbey alionyesha gauni lililofumwa kwa nyuzi za kioo na hariri. Watu walilishangaa, lakini lilikuwa zito na halikufaa kuvaliwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza Wajerumani walikosa asbesto, madini yenye nyuzi yaliyotumika kuzuia joto na moto, wakatengeneza nyuzi za kioo badala yake. Tatizo lilikuwa lile lile: kazi ilikwenda polepole na bei ilikuwa juu. Pamba ya kutandika kwenye dari lazima itoke kwa magunia, na kwa bei ambayo mwenye nyumba wa kawaida anaimudu.

Mambo yalibadilika mwaka 1932. Kijana mmoja aliyefanya kazi katika kikosi cha Slayter, Dale Kleist, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali mawili ya kioo ili hewa isipite kati yake. Mkondo wa hewa yenye shinikizo kubwa ukapiga kioo kilichoyeyuka, na kioo kikarushwa kikiwa nyuzi nyembamba. Kwa kazi aliyokuwa akiifanya Kleist, hilo lilikuwa kosa. Kikosi kikaona kwamba ndicho kitu kilichokuwa kikitafutwa: badala ya kuvuta uzi mmoja mmoja, pigo moja la hewa lilitoa nyuzi nyingi kwa mara moja.

Baadaye mwaka huo huo walijaribu mvuke badala ya hewa, na nyuzi zikawa nyembamba zaidi. Uzi mwembamba hujipinda bila kuvunjika, na zikirundikana pamoja huacha vijishimo vingi vidogo ambamo hewa hutulia. Mita moja ya ujazo ya kioo kizima ina uzito wa takriban kilo 2,500. Pamba ya kioo ya kutandika darini, kwa ukubwa huo huo, inaweza kuwa na kilo 12 tu. Sehemu kubwa kabisa ya kile ambacho mwenye nyumba ananunua ni hewa.

Slayter aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1933, na akaipata mwaka 1938. Ndiyo sababu vitabu vingi humtaja yeye peke yake. Kwa maoni yetu, simulizi isiyomtaja Kleist haijakamilika. Lakini pia ni kweli kwamba bahati ya siku moja haitoshi kujenga kiwanda. Kuamua uwembamba wa nyuzi, kutafuta mchanganyiko wa kioo usioharibiwa na unyevu, kubuni gundi ya kushikilia nyuzi bila kuzibana, yote hayo yalichukua miaka, na Slayter ndiye aliyeongoza utafiti huo.

Malighafi zenyewe hazina siri. Ni mchanga, chokaa na magadi, pamoja na madini mengine kidogo, vikiyeyushwa kwenye joto la takriban nyuzijoto 1,400. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya hutumika pia katika viwanda vya kioo.

Mwaka 1938 Owens-Illinois iliungana na kampuni nyingine ya kioo, Corning, wakaunda kampuni mpya ya nyuzi za kioo, Owens-Corning Fiberglas. Slayter akawa mkuu wa utafiti. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa mteja muhimu, kwa sababu pamba hiyo ni nyepesi na kioo hakishiki moto, na moto ndani ya meli ni janga. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, nyuzi hizo zilichanganywa na gundi ya plastiki, zikatoa kitu kigumu na chepesi kisichopata kutu. Boti za faiba unazoziona pwani na kwenye maziwa yetu ni za ukoo huo. Hata mabati mengi yale yanayopitisha mwanga, yanayowekwa kwenye mabanda na karakana, ni nyuzi za kioo ndani ya plastiki.

Kuna sehemu ya historia ya kampuni hiyo isiyopendeza, nayo inahusu asbesto. Nyuzi za asbesto zikivutwa ndani ya mapafu husababisha magonjwa yasiyopona, pamoja na saratani, na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baadaye. Kampuni iliyozaliwa kwa pamba ya kioo ilianza mwaka 1953 kusambaza bidhaa ya kufunika mabomba iitwayo Kaylo, ambayo ilikuwa na asbesto. Mwaka 1958 ikainunua biashara hiyo kabisa, na asbesto haikuondolewa hadi 1972. Mafundi na wafanyakazi waliougua walishtaki kwa maelfu, na mwaka 2000 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya kufilisika. Hatumtwishi Slayter mzigo huo. Lakini ni vigumu kuelewa kwa nini kampuni iliyokuwa na pamba yake yenyewe ilihitaji kuuza kitu kile.

Tunaieleza habari hii kwa sababu watu huchanganya vitu hivi viwili. Baadhi ya majengo ya zamani katika nchi zetu bado yana mapaa ya asbesto: vigae vigumu vya kijivu, vyenye mawimbi kama bati. Usivikate, usivivunje, usivitoboe. Uzi wa asbesto hupasuka kwa urefu na kuwa mwembamba zaidi na zaidi, tena mwili hauwezi kuuyeyusha. Uzi wa pamba ya kioo hukatika kwa upana, ukawa mfupi, na huyeyuka polepole ndani ya mapafu. Mwaka 2001 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilipitia ushahidi uliokuwapo na kuiondoa pamba ya kioo ya majengo kwenye kundi la vitu vinavyodhaniwa kusababisha saratani.

Hata hivyo inawasha. Fundi anayeishika avae mikono mirefu, glavu, miwani na barakoa, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na za watoto. Tena, pamba hiyo ikilowa hupoteza kazi, kwa kuwa maji huchukua nafasi ya hewa. Paa linalovuja lizibwe kwanza. Na asiyeweza kuinunua anaweza kupata nafuu kwa dari ya kawaida yenye nafasi ya hewa juu yake.

Slayter alifariki Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 67. Katika chuo alichosoma, Purdue, kuna jukwaa la wazi la muziki lenye jina lake. Hakuziona nyaya za kioo zinazobeba intaneti hadi kwenye simu zetu. Hizo hutengenezwa kwa njia nyingine, na kampuni ya Corning ilipata uzi wa kwanza uliofaa kazi hiyo mwaka 1970. Siku hizi viwanda vingi vya pamba ya kioo havitumii mchanga peke yake. Huyeyusha pia vioo vilivyovunjika vya madirisha, pamoja na chupa kuukuu.