Edsger Dijkstra: Mholanzi aliyezionyesha kompyuta namna ya kutafuta njia

Mei 2024 haitasahaulika haraka huku kusini. Mwanzoni mwa mwezi ule mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya zilisomba madaraja na makalavati, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili. Njia iliyobaki ya kufika Dar es Salaam kwa gari ilikuwa kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea na Makambako, safari ya kuivuka karibu nusu ya nchi.

Kabla matope hayajakauka, Jumapili ya Mei 12, intaneti nayo ikayumba. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini mwa pwani yetu, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Wasikilizaji wetu waliokuwa wakiuliza barabara itapitika lini sasa wakawa na swali jingine: kwa nini simu ya jirani inapata intaneti, japo kwa kusuasua, na yangu haipati kabisa?

Maswali hayo mawili yana jibu moja la msingi, nalo linatupeleka kwa mtu ambaye jina lake hulisikii sokoni Kilwa Masoko, ingawa kazi yake imo ndani ya mitandao inayobeba ujumbe wako. Ni Edsger Dijkstra. Jina hilo hutamkwa Daikstra.

Mtoto wa Rotterdam

Dijkstra alizaliwa Mei 11, 1930, katika mji wa bandari wa Rotterdam, Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia, na mama yake alikuwa mwanahisabati ingawa hakuwahi kuajiriwa kwa kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 10 na siku tatu tu ndege za Ujerumani zilipoushambulia mji wao kwa mabomu, Mei 14, 1940, na kuliteketeza eneo la katikati ya mji.

Alipokuwa shuleni alitamani kusoma sheria, pengine aje kuiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa. Lakini matokeo yake ya hisabati na fizikia yalikuwa mazuri mno, akashawishiwa kwenda Chuo Kikuu cha Leiden kusoma fizikia. Mwaka 1951 alikwenda Cambridge, Uingereza, kwa kozi fupi ya wiki tatu ya namna ya kuipa kompyuta maagizo. Kozi hiyo ndiyo iliyomgeuza. Machi 1952 alianza kazi katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, akiwa mtu wa kwanza Uholanzi kuajiriwa kama mwandishi wa programu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngeni kiasi kwamba alipofunga ndoa na Ria Debets mwaka 1957 na kutakiwa kutaja kazi yake kwenye hati, maofisa wa manispaa ya Amsterdam waliikataa. Kwao hapakuwa na kazi ya namna hiyo. Hati ya ndoa ikaandikwa kwamba bwana harusi ni mwanafizikia. Vijana wa Lindi wanaosomea kompyuta, na ambao wazee wao bado wanawauliza watafanya kazi gani hasa, wana mwenzao wa zamani.

Dakika ishirini mkahawani

Mwaka 1956 kituo chake kilikuwa kinajiandaa kuzindua kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC. Wageni waalikwa wasingekuwa wataalamu, hivyo lilihitajika onyesho ambalo mtu yeyote angelielewa. Dijkstra alichagua swali la msafiri: ukitaka kutoka Rotterdam kwenda Groningen, njia fupi kuliko zote ni ipi? Kwa ajili ya onyesho hilo aliandaa ramani ya miji 64 ya Uholanzi.

Kanuni yenyewe ilimjia akiwa na mchumba wake. Walikuwa wamezunguka madukani mjini Amsterdam, wakachoka, wakakaa kwenye baraza ya mkahawa wanywe kahawa. Kwa muda wa kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi, aliipanga yote kichwani. Aliichapisha miaka mitatu baadaye, mwaka 1959, katika makala ya kurasa tatu tu.

Tuipeleke kanuni hiyo kwenye barabara zetu. Tuko Lindi mjini na tunataka kufika Liwale. Kuna njia ya kupitia Nangurukuru na kuna njia ya kupitia Nachingwea. Kwa mfano tu, tuseme Lindi hadi Nangurukuru ni mwendo wa saa 3, na Nangurukuru hadi Liwale saa 5. Tuseme pia Lindi hadi Nachingwea ni saa 4, na Nachingwea hadi Liwale saa 3.

Unaanza kwa kuiandikia Lindi sifuri, maana ndipo ulipo. Majirani zake unawaandikia makadirio: Nangurukuru 3, Nachingwea 4. Sasa unachagua mji wenye namba ndogo kuliko yote, Nangurukuru, na kuufunga, yaani namba yake haitabadilika tena. Kutoka hapo unaona kwamba Liwale unaweza kufika kwa saa 8, unaiandika kwa penseli. Unarudi kuchagua namba ndogo inayofuata, Nachingwea yenye 4, unaifunga. Kupitia hapo Liwale ni saa 7. Saba ni pungufu ya nane, basi unafuta nane na kuandika saba. Hatimaye unaifunga Liwale kwa 7, kupitia Nachingwea.

Ni hayo tu. Kwa nini mji ukishafungwa hautazamwi tena? Kwa sababu njia nyingine yoyote ya kuufikia ingelazimika kupitia mji ambao tayari uko mbali zaidi au sawa, na hakuna barabara inayokupunguzia muda uliokwisha kuutumia. Kompyuta inaweza kuurudia utaratibu huu kwa miji 64 au kwa maelfu ya mitambo, bila kujaribu kila njia inayowezekana moja baada ya nyingine.

Kutoka barabara hadi pakiti

Ujumbe unaoutuma kwa simu hausafiri ukiwa kitu kimoja. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya inakokwenda. Njiani hupita kwenye mitambo iitwayo ruta. Kila ruta, kama ilivyo kompyuta au simu yako, huendeshwa na mfumo endeshi, na katikati ya mfumo huo kuna sehemu inayosimamia kila kitu, iitwayo keneli, yaani kiini. Simu zote za Android, kwa mfano, zina kiini kiitwacho Linux.

Ndani ya kiini kuna orodha iitwayo jedwali la njia. Jedwali hilo halina ramani ya safari nzima. Kinachoandikwa ni kituo kinachofuata tu: kwa anwani za namna hii, mpe yule pale. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa biashara ya zamani ya pwani hii. Mfanyabiashara wa Sofala hakuhitaji kujua soko la Uarabuni ambako dhahabu yake ingeishia. Alihitaji kujua kwamba inakwenda Kilwa, na Kilwa ilijua pa kuipeleka kutoka hapo.

Kiini kina sheria moja muhimu kinaposoma jedwali: mstari ulio maalumu zaidi ndio unaofuatwa. Fikiria karani wa mizigo Kilwa Masoko mwenye maagizo matatu. Mzigo wa Kilwa Kisiwani upelekwe kwenye mashua. Mzigo wa wilaya ya Kilwa upelekwe kwenye gari la vijijini. Mzigo mwingine wowote upakiwe basi la Dar es Salaam. Ukija mzigo wa Kisiwani, unaangukia kwenye maagizo yote matatu, maana Kisiwani ni sehemu ya wilaya. Karani mwenye akili atafuata agizo la kwanza kwa sababu limetaja mahali penyewe. Agizo la mwisho, la mizigo yote mingine, ndilo kwenye kompyuta huitwa njia ya msingi. Simu yako, ikiwa na njia hiyo moja kuelekea kwa kampuni ya simu, inatosha kuifikia dunia nzima.

Lakini nani huandika jedwali hilo? Kiini chenyewe huwa hakipigi hesabu ya njia fupi. Kazi yake ni kusoma haraka na kupitisha. Kwenye ruta kuna programu nyingine pembeni inayozungumza na ruta jirani, ikipata habari za njia zilizo hai na zilizokatika, kisha inapiga hesabu na kukabidhi majibu kwa kiini. Utaratibu mmoja unaotumika sana ndani ya mitandao ya kampuni ni OSPF, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Hesabu yake ni ile ile ya mkahawani Amsterdam.

Mchango wake ndani ya kiini

Dijkstra hakuishia kwenye njia. Shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1959 ilihusu namna kompyuta inavyoweza kukatizwa kazi pale kifaa cha nje kinapohitaji kuhudumiwa, kisha ikarudi kazini bila kuharibu kitu. Pakiti inapogonga mlango wa ruta, huo ndio mlango inaopitia.

Mwaka 1962 alikuwa profesa katika chuo cha ufundi cha Eindhoven. Hapo yeye na kikundi kidogo walitengeneza mfumo endeshi ulioitwa THE, uliopangwa kwa tabaka, kila tabaka likitegemea lile la chini yake. Alieleza mpango huo katika makala ya mwaka 1968. Katika miaka hiyo pia alibuni semafori, jina lililotokana na alama za reli. Ni kama yule mtu wa bendera kwenye daraja la muda la njia moja: wa upande huu wakipita, wa upande ule wanasubiri. Ndani ya kiini, programu mbili zikitaka kubadilisha jedwali moja kwa wakati mmoja, lazima awepo wa kusema nani atangulie. Leo Linux ina mbinu mpya zaidi zinazoziacha pakiti ziendelee kusoma jedwali la zamani huku lingine likiandaliwa, lakini tatizo lenyewe ni lile lile alilolikabili yeye.

Alipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta, mwaka 1972. Kuanzia 1984 alifundisha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, hadi alipostaafu mwaka 1999. Alikuwa mkali kwa wanafunzi na wenzake, hakupenda kazi ya kubahatisha. Kwa miaka mingi hakuwa na kompyuta yake. Aliandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino, makala zaidi ya 1,300 alizozipa namba na kuwatumia marafiki nakala kwa posta, nao wakazinakili na kuwapa wengine.

Alifariki kwa saratani nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi, Agosti 6, 2002, akiwa na umri wa miaka 72.

Kanuni haijengi barabara

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu na simu ya jirani yake. Nyaya zilipopata hitilafu, ruta ziligundua, habari zikasambaa, na majedwali yakaandikwa upya. Kati ya kampuni na kampuni, kazi hiyo hufanywa na utaratibu mwingine uitwao BGP, ambao hautazami ufupi wa njia peke yake, unatazama pia nani ana makubaliano na nani. Kampuni yenye uwezo kwenye waya mwingine iliweza kusukuma pakiti zake huko, zikabanana na kwenda polepole. Kampuni iliyotegemea waya uliokatika haikuwa na pa kuzipeleka.

Hapo ndipo somo la Mei 2024 linapokutana na Somanga. Kanuni ya Dijkstra itakupa njia fupi kuliko zote kati ya zilizopo. Daraja likiondoka, itakutafutia nyingine, hata kama ni ya kuzunguka Songea. Isipokuwepo hata moja, jibu lake ni kwamba Liwale au Dar es Salaam haifikiki, na hakuna hesabu itakayolibadilisha jibu hilo.

Kwa hiyo tunapojadili barabara za kusini au mawasiliano ya mkoa wetu, tuulize maswali mawili. La kwanza tumelizoea: njia iliyopo ni nzuri kiasi gani? La pili huwa tunalikumbuka maji yakishajaa: ikikatika leo usiku, ya pili ni ipi?