Afya: Claude Monet, muchoraji mwenye katarakti ilimuharibia rangi

Claude Monet, muchoraji Mufaransa mwenye kujulikana katika dunia yote, alikufa tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka wa 1926, akiwa na miaka 86. Kwa miaka zaidi ya kumi mbele ya kifo chake, alipambana na katarakti, ugonjwa wa macho wenye unashika sana wazee. Maisha yake yanaonyesha jambo lenye wanganga walichukua muda mrefu ili kulipatia uzito: namba zenye zinaandikwa kisha kupima macho hazionyeshe mambo yote yenye mugonjwa amepoteza.

Monet alizaliwa Paris tarehe 14 mwezi wa 11 mwaka wa 1840, lakini alikomalia Le Havre, muji wa bandari. Katika mwaka wa 1874, yeye na wenzake walionyesha picha zao Paris. Picha yake moja ya bandari ya Le Havre ndiyo ilitoa jina la Impresionisme, uchoraji wa ile kikundi. Tangu 1883 aliishi Giverny, kijiji karibu na muto Seine. Kule alitengeneza kiziwa cha maua ya maji, na alichora fasi ileile mara na mara, asubuhi, muchana na mangaribi, juu mwangaza unabadilika. Kwake rangi ilikuwa kama jembe kwa mulimaji.

Katika mwaka wa 1912, wanganga walimuambia kama macho yake yote mbili iko na katarakti. Muke wake Alice alikuwa amekufa mwaka moja mbele. Mutoto wake Jean alikufa katika 1914. Katika ugonjwa huu, lenzi, ile kitu cha wazi kama kioo ndani ya jicho, inachafuka polepole na kugeuka ya manjano ao ya kahawia. Rangi ya bluu haipite tena muzuri. Picha za Monet zilianza kujaa wekundu na kahawia. Ili asikosee, alisoma majina ya rangi kwenye vichupa na kuzipanga kila mara kwa utaratibu uleule. Picha zingine aliziharibu kwa kasirani.

Aliogopa kupasuliwa, na alikuwa na sababu. Wakati ule, munganga aliondoa lenzi yenye kuharibika bila kuweka ingine. Mugonjwa alipaswa kulala bila kutikisika kwa siku nyingi, kisha kuvaa miwani minene maisha yote. Muchoraji Mary Cassatt, mwenye Monet alijua, alipasuliwa bila kupata mafaa. Lakini kisha vita ya 1914-1918, Monet alikuwa ameahidi serikali picha kubwa za maua ya maji, na rafiki yake Georges Clemenceau, mukubwa wa zamani wa serikali na munganga kwa masomo, alimusukuma akubali. Katika 1922, munganga Charles Coutela alimupima: jicho la kuume liliona mwangaza tu, la kushoto lilibakia na karibu sehemu 1 juu ya 10.

Coutela alipasua jicho la kuume mara mbili mwezi wa 1 mwaka wa 1923, na tena mwezi wa 7. Kwa upande wa munganga, kazi ilifaulu: akiwa na miwani, muzee aliweza kusoma. Kwa upande wa Monet, ilikuwa musiba. Vitu vilipindika, rangi zilikuwa za manjano kupita kiasi, kisha za bluu kupita kiasi, na macho mbili hayakuweza kutumika pamoja. Alimuandikia munganga barua za hasira, na alikatala jicho la kushoto lipasuliwe. Ni katika 1925, kisha kujaribu miwani mingi na kusaidiwa na munganga Jacques Mawas, ndipo alirudilia kazi kwa furaha.

Picha 22 za maua ya maji zilifunguliwa kwa watu katika Orangerie, Paris, mwezi wa 5 mwaka wa 1927. Yeye hakuona siku ile.

Leo wagonjwa wengi hawapitie njia yake, juu katika 1949 munganga Mwingereza Harold Ridley aliweka lenzi ya kutengenezwa ndani ya jicho, kule London. Ulizo la Monet nalo lilipata watafiti. Katika miaka ya 1990, kule Marekani, walitengeneza fomu za maulizo 14 na 25: mugonjwa anaweza kusoma gazeti? kushuka ngazi usiku? kutambua rangi? anategemea wengine? anahangaika? Fomu ya maulizo 25 inatumiwa pia kwa glokoma na kwa ugonjwa wa retina wenye unakuja na uzee.

Fomu hizo nazo ziko na mipaka. Ulizo juu ya kuendesha gari halipime kitu kwa mutu mwenye hakuendeshaka. Ndiyo maana zinapaswa kupatanishwa na maisha ya fasi zenye zinatumiwa. Kwa mushonaji, ulizo la maana ni uzi na sindano. Kwa Monet, lilikuwa rangi ya bluu.