Vera Menchik: mwanamke aliyejibu mzaha kwenye ubao wa sataranji

Mwaka 1929, wachezaji 22 wakubwa wa sataranji, mchezo ambao kwetu wengi wanauita échecs, walikutana katika mji wa Carlsbad, inchini Czechoslovakia. Kati yao mwanamke alikuwa mmoja tu: Vera Menchik, mwenye miaka 23. Albert Becker, mchezaji wa Austria, alimfanyia mzaha mbele ya wenzake: mwanaume yeyote atakayepigwa na huyu mama ataandikwa katika Klabu ya Vera Menchik. Hazikupita siku nyingi, Becker mwenyewe akapigwa. Ndiye akawa memba wa kwanza.

Vera alizaliwa Moscow, tarehe 16 mwezi wa pili 1906. Baba yake alikuwa Mcheki, mama yake Mwingereza. Baba ndiye aliyemfundisha sataranji akiwa na miaka tisa. Mapinduzi ya 1917 yaliinyang'anya familia mali yake. Wazazi wakaachana, na mwaka 1921 Vera, mama yake na mdogo wake Olga wakahamia Hastings, mji wa pwani ya Uingereza. Kiingereza alikuwa hakijui vizuri, lakini sataranji haihitaji maneno mengi. Aliingia klabu ya mji, na Géza Maróczy, bingwa wa Hungaria, akamfundisha.

Mwaka 1927, mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yalifanyika London. Vera alishinda michezo 10, akatoka sare mmoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyemnyang'anya taji. Katika mashindano saba ya dunia, mpaka Buenos Aires mwaka 1939, alicheza michezo 83 na kupoteza mmoja tu.

Mbele ya wanaume mambo hayakuwa mepesi. Kule Carlsbad alimaliza wa mwisho. Lakini miezi michache kabla, katika mji wa Ramsgate, alishika nafasi ya pili pamoja na Akiba Rubinstein, nyuma ya Capablanca peke yake. Na klabu ya mzaha iliendelea kupata memba wapya. Max Euwe wa Uholanzi alipigwa naye mara mbili. Mwaka 1935 Euwe huyo akawa bingwa wa dunia.

Vera aliolewa mwaka 1937, na bwana yake akafariki 1943, vita ikiwa bado inawaka. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 mwezi wa sita 1944, bomu la Wajerumani liliangukia nyumba yao Clapham, London. Vera, Olga na mama yao walikufa pamoja. Alikuwa na miaka 38, na taji lilikuwa bado lake. Lilibaki bila mwenyewe mpaka 1950.

Leo, timu ya wanawake inayoshinda Olimpiadi ya sataranji inapewa Kombe la Vera Menchik. Jina lililoanzishwa kwa kumcheka ndilo wanawake wa dunia nzima wanalipigania.