Daktari Louis Wright na Dawa ya Rangi ya Dhahabu

Mwaka 1891, katika mji wa LaGrange, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Louis Tompkins Wright. Baba yake alizaliwa utumwani, naye alijitahidi katika masomo hata akawa daktari. Baadaye akaiacha kazi hiyo, akawa mhubiri. Alifariki Louis angali mdogo sana. Mama yake akaolewa na daktari mwingine, William Penn, na hivyo kijana alikua akiitazama kazi ya uganga nyumbani mwake.

Alipomaliza masomo katika chuo cha watu weusi mjini Atlanta, alikwenda Harvard kuomba nafasi ya kujifunza udaktari. Wakubwa wa huko walikuwa na shaka na elimu yake, kwa sababu ya chuo alichotoka. Basi akaulizwa maswali ya kemia papo hapo, akayajibu yote, akapokewa. Mwaka 1915 alihitimu, naye alikuwa wa nne katika darasa lake.

Siku zile madaktari wengi waliamini ya kuwa mwili wa mtu mweusi si sawa na mwili wa mtu mweupe. Palikuwa na kipimo cha ugonjwa wa dondakoo: mtu hudungwa sindano katika ngozi ya mkono, na pakiwa pekundu, hujulikana kwamba hana kinga. Ilisemwa kwamba kipimo hicho hakifai kwa ngozi nyeusi, kwa maana wekundu hauwezi kuonekana. Wright, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya Washington, hakubishana na mtu. Aliwapima wagonjwa wake, akatazama kwa makini, akaona wekundu ule waziwazi. Kumbe wale waliosema hivyo hawakuwa wamejaribu!

Vita Kuu ya kwanza ilipotokea alikwenda Ufaransa pamoja na jeshi la Marekani, na huko mwaka 1918 alivuta gesi ya sumu ya adui. Mapafu yake yaliharibika, wala hayakupona kabisa maisha yake yote. Hata hivyo mwaka 1919 aliingia katika Hospitali ya Harlem, mjini New York, akiwa daktari mweusi wa kwanza kupewa kazi hapo. Matajiri fulani walipotaka kujenga hospitali ya watu weusi peke yao, alikataa katakata. Wengine walimlaumu, wakisema kwamba hospitali yo yote ni bora kuliko kukosa. Lakini yeye alijua kwamba penye hospitali mbili, iliyo duni watapewa wanyonge. Kifua kikuu kilimlaza kitandani karibu miaka mitatu, kisha akarudi kazini, na mwaka 1943 akawa mkuu wa upasuaji.

Wakati huo penisilini ilikuwa imekwisha kuwaokoa watu wengi. Lakini penisilini ina mipaka yake: baadhi ya vijidudu vya magonjwa huuawa nayo, na vingine havidhuriki hata kidogo. Mzee mmoja mtaalamu wa mimea, Benjamin Duggar, aliyekuwa amepita umri wa miaka 70, alikuwa akichunguza udongo wa mahali pengi. Katika udongo wa shamba la Chuo Kikuu cha Missouri alipata kijidudu cha rangi ya dhahabu, nacho hutoa kitu kinachozuia vijidudu vingine vya namna nyingi visizaliane. Dawa iliyotengenezwa kwa kitu hicho iliitwa Aureomycin, maana yake ni kwamba ina rangi ya dhahabu.

Lakini dawa iliyofaa ndani ya chupa yaweza kumdhuru mgonjwa. Nani ataijaribu kwa watu? Kazi hiyo alipewa Wright na wenzake wa Harlem. Walianza na wagonjwa waliovimba mitoki kwa ugonjwa ambao penisilini haikuuweza, wakaandika kila siku hali ya kila mmoja. Uvimbe ukapungua. Mwaka 1948 walitangaza habari hiyo, kisha wakaendelea kuijaribu kwa magonjwa mengine. Tena dawa hii yaweza kumezwa, mgonjwa asichomwe sindano kila mara.

Dawa za ukoo huo ziko hata leo, kama doksisaiklini. Ila vijidudu vingi vimekwisha kuzizoea, hasa kwa sababu zimetumiwa ovyo, na watoto wadogo kwa kawaida hawapewi, kwa kuwa huweza kuwabadili meno rangi.

Wright alifariki mwezi wa Oktoba 1952, mwenye umri wa miaka 61. Binti zake wawili walikuwa madaktari kama yeye, na mmoja, Jane, akashika mahali pake katika uchunguzi wa dawa za saratani pale pale Harlem.