Simon Kimbangu: upole wa mtu aliyefungwa miaka 30



Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya kupumzika mu inchi yetu yote. Wale wenye walirudi karibuni toka Tanzania na Burundi wametuuliza mara mingi siku hiyo ni ya nini. Ni siku ya Simon Kimbangu. Jina lake watu wanalijua, na kanisa lenye kuvaa kijani na nyeupe wanaliona, lakini maisha yake hayajulikani sana huku kwetu mashariki. Hatuandiki juu ya Wakimbangu peke yao. Mu shirika hili kuko Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, na kila mtu anabaki na dini yake. Tunaandika juu ya jambo moja tu mu maisha ya huyu mzee: upole wake.

Alizaliwa mwaka 1887 mu kijiji cha Nkamba, Kongo ya chini, upande wa Mbanza-Ngungu, mji wenye Wabelji walikuwa wanaita Thysville. Mama yake alikufa mapema, akalelewa na mama mmoja wa jamaa, jina lake Kinzembo. Wanasimulia kwamba siku moja mishonari Mwingereza alikuwa anakimbia watu wenye hasira, akafika kwa Kinzembo amechoka kabisa, na mama huyo akampokea na kumlinda. Kwetu siye wenye tulipokelewa na watu wasiotujua, habari hiyo haihitaji maelezo.

Mwaka 1915 Kimbangu na bibi yake Marie Mwilu walibatizwa na Wabatisti wa Ngombe-Lutete. Akakuwa katekista. Alifika pia Léopoldville kutafuta kazi, kisha akarudia kijijini. Tarehe 6 Aprili 1921 aliingia mu nyumba ya mwanamke mgonjwa, akamuwekea mikono na kuomba, na watu wakasema amepona. Hiyo njo tarehe tunayopumzika.

Kutoka hapo habari ikakimbia. Mu wiki chache tu maelfu ya watu walienda Nkamba, kwa miguu na kwa gari moshi. Wafanyakazi waliacha kazi za Wazungu, wagonjwa wakatoka mu hospitali. Kimbangu aliwaambia watupe dawa za uchawi, waache kuoa wanawake wengi, waache ngoma na pombe, na wapende watu wote, hata adui. Kuko wengine wenye walijitangaza manabii wakati ule wenye maneno yao yalikuwa makali zaidi. Serikali haikutafuta tofauti. Iliona watu wengi wamesimama pamoja, ikaogopa. Mwezi wa Juni askari walifika Nkamba kumkamata. Watu walipigwa, vitu vyao vikanyanganywa, lakini yeye akawaponyoka.

Tukae kidogo hapa. Miezi mitatu Kimbangu alijificha, na watu walimficha. Hakuna mwenye alimuuza. Kote alikopita alikuwa na watu wenye walikuwa tayari kufanya lolote atakalosema. Lakini neno alilowaachia ni kwamba mtu asinyanyue mkono, asirudishe fimbo kwa fimbo. Halafu mwezi wa Septemba 1921 akarudia Nkamba mwenyewe, akijua askari watakuja, na wakamkamata.

Mtu asiye na nguvu akinyamaza, inaweza kuwa ni woga tu, na hakuna wa kumlaumu. Lakini mtu mwenye maelfu nyuma yake, mwenye kijiji chake kimetoka kuharibiwa, akiwaambia vijana watulize mikono, huyo amechagua. Upole wake ulikuwa amri aliyowapa watu wenye hasira ya haki, na yeye akaanza kuulipia kwanza.

Alilipa sana. Tribinali ya kijeshi ya Thysville ilimuhukumu tarehe 3 Oktoba 1921 bila avoka wa kumtetea: fimbo 120, kisha kuuawa. Mishonari wa Kibatisti wakamuombea, na mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo, upande mwingine kabisa wa inchi. Hakutoka tena. Mandela, mwenye dunia yote inamuimba, alifanya miaka 27 gerezani. Kimbangu alifanya 30, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Waumini wake nao walisumbuliwa. Maelfu waliondolewa mu vijiji vyao na kupelekwa mbali mu majimbo mengine, jamaa nzima, na wengine wakazaa na kuzika huko. Waliondoka bila kujua kama watarudi. Mwaka 1957 watu karibu 600 walisaini barua kwa gavana mkuu wa Wabelji, majina yao wazi, wakisema kama kuomba Mungu ni kosa basi wakamatwe wote pamoja. Hakuna panga mu barua ile. Lakini pia hakuna kupiga magoti.

Tunalisema hili kwa sababu ya vikao vyetu vya kusuluhisha mashamba. Mtu anarudi nyuma ya miaka kumi na tano, anakuta mwengine amejenga mu parcelle yake ao amelima muhogo mu shamba la baba yake. Akikasirika tunamuelewa. Kuko wenye wanafikiri kwamba tukimuambia awe mpole, tunamuambia aache haki yake. Sivyo. Watu wa Kimbangu walidai haki yao mpaka mwisho, kwa karatasi na majina. Walichokataa ni kumfanya jirani alipie. Tena yule aliyebaki hapa wakati wa vita, mara mingi naye alikimbilia porini, naye alizika. Barua mbele ya mzee wa kijiji, mashahidi wenye wanajua mipaka, na maneno ya heshima kwa mwenye kulima pale: njia hiyo ni ndefu, hatubishi. Lakini mwenye kuchoma nyumba ya mwenzake usiku, kesho yake anaanza tena kufunga mizigo.

Serikali ilianza kulegeza kidogo kidogo, wenye walipelekwa mbali wakaanza kurudia, na tarehe 24 Desemba 1959 kanisa likakubaliwa kwa sheria. Mama Marie Mwilu hakuiona siku hiyo. Miaka yote ile alichunga waumini kwa siri toka Nkamba, chini ya macho ya serikali, na alikufa mwezi wa Aprili mwaka uleule. Aprili ya mwaka uliofuata, mbele ya uhuru, maiti ya Kimbangu ilifukuliwa Élisabethville na kusafirishwa mpaka Nkamba. Wana wake watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, walimzika kwao.