Padri Marin Mersenne na Namba Kubwa

Marin Mersenne alizaliwa katika nchi ya Ufaransa tarehe 8 Septemba 1588, siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwake Bikira Maria. Wazazi wake hawakuwa matajiri, lakini walimpeleka shuleni. Alisoma kwa Mapadri Wayesuiti katika mji wa La Flèche. Mwaka 1611 aliingia shirika la Waminimi, lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola. Watawa hao hawakula nyama, wala mayai, wala maziwa.

Padri Mersenne alikaa Paris miaka mingi. Siku zile hapakuwa na magazeti ya wenye elimu. Basi yeye aliwaandikia barua wataalamu wa nchi mbalimbali, kama Descartes, Fermat na Galileo. Aliyoyapata kwa mmoja, aliwapasha wengine. Hakuficha elimu.

Alipenda sana hesabu. Alitafuta namba zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Alichunguza njia hii: Andika 2 mara tatu, uzizidishe: 2 × 2 × 2 ni 8. Toa 1, yabaki 7. Nayo 7 haigawanyiki. Andika 2 mara tano, utapata 32. Toa 1, yabaki 31. Hiyo nayo haigawanyiki. Lakini ukiandika 2 mara kumi na moja, mwisho utapata 2.047, nayo yagawanyika: ni 23 × 89. Basi njia hii yataka uangalifu.

Mwaka 1644 Padri alitoa kitabu. Humo alisema kwamba 2 ikiandikwa mara 67, namba itakayopatikana haigawanyiki. Namba hiyo ni 147.573.952.589.676.412.927. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kupima namba ndefu namna hii ni kazi isiyokwisha. Alikufa tarehe 1 Septemba 1648, na kwa miaka zaidi ya 200 hakuna aliyeonyesha kama alikosa au alisema kweli.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba namba ile yagawanyika, lakini hakujua kwa namba zipi. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alizipata: ni 193.707.721 × 761.838.257.287. Kumbe, Padri alikuwa amekosa!

Lakini Lucas huyo huyo alihakikisha neno jingine la Padri: 2 ikiandikwa mara 127, namba itakayopatikana, yenye tarakimu 39, haigawanyiki kweli.

Je, jina la Padri lilitupwa kwa sababu ya kosa lake? Sivyo. Hata leo, duniani kote, namba hizo huitwa namba za Mersenne. Kwa maana aliandika wazi mawazo yake, na wengine wakaweza kuyapima. Mwanafunzi afichaye daftari lake hasahihishwi.